Namna ya Kuwa Shujaa wa Meru au Embu bila Kuua Simba Hata Mmoja

Kijana wa Maua au wa Kianjokoma anayetamani ushujaa siku hizi huwa ameshapata walimu: Hercules wa katuni, Zeus wa michezo ya kompyuta, na jozi ya viatu yenye jina la Nike, mungu wa kike wa ushindi kule Ugiriki. Hadithi hizo ni tamu, na anayezipenda ana haki yake. Shida ni kuzigeuza maagizo ya kufuatwa hapa miteremkoni mwa Mlima Kenya. Kazi ya kwanza ya Hercules ilikuwa kumnyonga simba wa Nemea kwa mikono mitupu, kisha akavaa ngozi yake. Jaribu hayo katika Hifadhi ya Taifa ya Meru uone kama jua litatua kabla hujatiwa pingu.

Meru na Embu zina mwongozo wao wa ushujaa, uliopokewa kinywa kwa kinywa. Una madhalimu, una bahari, una mapenzi ya hatari, una kiapo, na joka halikosi. Ufuate kwa makini, kwa sababu mambo mengi ndani yake ni kinyume cha yale uliyoyaona kwenye skrini.

Anza na mlima. Olympus, makao ya miungu ya Kigiriki, una mita 2,917. Kilele cha Batian cha Mlima Kenya, yaani Kirinyaga, kina mita 5,199. Kwa hiyo ukiwa na rafiki anayejisifia Olympus, mwonyeshe Kirinyaga asubuhi kabla mawingu hayajapanda, halafu nyamaza. Olympus ulikuwa na miungu wakuu kumi na wawili, na kila mmoja alikuwa na ugomvi wake. Huku juu yuko Mmoja: Murungu kwa Wameru, Ngai kwa Wameru na Waembu pia, Mwene Nyaga. Jambo hili litabadilisha mipango yako yote. Odysseus alipochukiwa na Poseidon alikuwa na Athena wa kumtetea. Wewe huna pa kukata rufaa. Ukikosana na Mwene Nyaga umekosana na mlima mzima, na dawa ni kurudi kwa wazee, kutoa sadaka na kutengeneza ulipoharibu.

Halafu futa kabisa wazo la kuwa nusu mungu. Zeus alijigeuza fahali akambeba Europa, akajigeuza bata maji mkubwa mweupe akamwendea Leda, na nusu ya mashujaa wa Ugiriki walizaliwa kwa mitindo hiyo. Ngai wa Kirinyaga hashuki bondeni kuwavizia mabinti za watu mtoni. Shujaa wa huku ana baba anayejulikana, ana ukoo, ana rika alilotahiriwa nalo. Ukianza kutangaza Runyenjes kwamba baba yako ni Mungu, mama yako ndiye atakayekuwa wa kwanza kutaka maelezo.

Wala usiusubiri mlima ukupe jina. Halford Mackinder alipofika kileleni Septemba 1899, vilele vikubwa alivipa majina ya viongozi wa dini wa Kimaasai: Batian, Nelion, Lenana. Hakuna Mmeru wala Mwembu aliyepata. (Kilele cha juu kabisa cha Olympus chenyewe kilikuja kupandwa mwaka 1913, nyumba ya Mwene Nyaga ilibishwa hodi mapema zaidi.) Wazee hawakuhitaji kamba wala shoka la barafu. Waliuelekea mlima, wakaomba, na ibada ikawa imetimia.

Sasa utahitaji dhalimu, kwa maana bila dhalimu hakuna shujaa. Wameru husimulia kwamba waliishi Mbwaa, kisiwa au mahali pa pwani ambapo watafiti wengine hupahusisha na Manda, karibu na Lamu. Huko walitawaliwa na Nguuntune, watu wa nguo nyekundu. Mabwana hawa walikuwa na tabia ambayo yeyote aliyewahi kuomba kibali katika ofisi yenye kiburi ataitambua: hawakukataa moja kwa moja, walidai kitu kisichowezekana, kisha wakakaa wakingoja ushindwe.

Madai yenyewe husimuliwa kwa namna mbalimbali, na idadi yake hubadilika kutoka Igembe hadi Imenti. Leteni kiatu chenye manyoya ndani na nje. Leteni mbwa mwenye pembe. Toeni tunda tulilotumbukiza katika shimo refu bila kulichimbua. Leteni ndama anayetoa kinyesi cheupe. Na la mwisho, tengenezeni mkuki unaofika mbinguni.

Hapa ndipo mwongozo wa Kigiriki utakupoteza kabisa. Hercules alipewa kazi kumi na mbili na mfalme Eurystheus, na nyingi alizimaliza kwa misuli. Alinyonga, akakata, akafukuza, na zizi la Augeas lililojaa samadi ya miaka mingi aligeuzia mito miwili ikalisafisha. Wewe huna misuli hiyo, na hata ungekuwa nayo ingekusaidia nini mbele ya mbwa mwenye pembe? Ukimpiga mbwa haoti pembe.

Fanya hivi. Usijibu siku hiyo hiyo. Rudi nyumbani, waite wazee, keti nao, na umwache kila mmoja aseme. Kwa kiatu, mtu aliyechinja ng'ombe wengi atakumbuka ile ngozi inayoning'inia chini ya shingo ya fahali: imekunjamana yenyewe, ina manyoya upande huu na upande ule. Ikate umbo la wayo, funga kamba, peleka. Kwa mbwa, tafuta pembe ndogo za paa na gundi nzuri, na uchague mbwa mtulivu. Kwa tunda, jaza shimo maji, tunda litaelea lije lenyewe mkononi. Kwa ndama, wasimulizi humlisha vitu vyeupe mpaka tumbo likubali.

Tazama ni nani anayefanya kazi katika hadithi hii. Ni mchinjaji, mwindaji, mchota maji, mchungaji. Kila jibu linatoka kwa mtu anayejua kazi yake ya kila siku vizuri kuliko bwana anayemwamuru. Wagiriki nao walikuwa na akili ya namna hii, ni haki kuwatambua: Daedalus alipoulizwa namna ya kupitisha uzi ndani ya kombe la konokono lililojipinda, alimfunga sisimizi uzi, akapaka asali upande wa pili, sisimizi akatembea. Lakini Daedalus alikuwa fundi mmoja mwenye jina kubwa. Mbwaa jibu ni la kikao. Ukimwuliza msimulizi nani hasa aliyewaza ile ngozi ya shingo, mara nyingi atakuambia ni wazee, basi. Ukitaka ushujaa wenye jina lako pekee juu ya bango, jiandae kusikitika.

Kuhusu mkuki wa kufika mbinguni, usijidanganye. Huo hauna gundi wala ujanja. Katika kila jaribu lililotangulia dhalimu aliomba kitu cha ajabu. Hapa aliomba kisicho na mwisho, maana mkuki wowote utakaofua utaambiwa bado mfupi. Wazee walilitambua hilo, na uamuzi wao ndio sehemu ninayoiheshimu kuliko zote: waliacha kufua. Walipanga kuondoka, watu wote, wazee, wanawake, watoto na mifugo. Kujua ni jaribu gani la kujibiwa na ni lipi la kukimbiwa ni somo ambalo Hercules hakulipata, na aliendelea kutumwa na Eurystheus mpaka akafika kuzimu kumleta mbwa Cerberus.

Sasa kuna bahari ya kuvuka. Aliyewaongoza hutajwa kwa jina la Koomenjwe. Alipiga maji kwa fimbo yake, maji yakagawanyika, watu wakapita. Msomaji wa Biblia atasema papo hapo kwamba huyu ni Musa amevaa ngozi ya Kimeru, na wasomi nao wameuliza ni kiasi gani cha masimulizi kilipakwa rangi baada ya wamisionari kuja. Swali ni la haki. Ila mtu wa Lamu ana la kuongeza. Mkondo wa Mkanda, unaotenganisha Manda na bara, kwa miaka mingi maji yakipwa yalikuwa haba kiasi kwamba vyombo vilingoja maji yajae ndipo vipite. Kiongozi anayejua saa ya maji kupwa hahitaji muujiza mkubwa sana. Anahitaji kuwahimiza watu wasichelewe. Mimi naona tafsiri hiyo inampandisha Koomenjwe. Kugawa bahari ni jambo kubwa, na kuijua saa yake huku umebeba jukumu la maelfu ya roho si dogo.

Zingatia muda wako wa kuvuka, kwani wajukuu wako wataulizwa habari zake. Waliovuka usiku ndio Njiru, weusi. Waliovuka alfajiri ndio Ntune, wekundu. Waliovuka jua limetoka ndio Njeru, weupe. Koo za Wameru hupangwa katika mafungu hayo hadi leo. Warumi walijipa asili kwa Aeneas aliyetoroka Troya inayoungua akimbeba babake mgongoni, na familia kubwa za Roma zilishindana kujipachika kwake. Wameru walijigawa kwa saa. Mchelewaji naye alipewa ukoo wenye heshima kamili, jambo ambalo nalikumbuka kila nikiona matatu ya Nkubu ikimwacha mtu stendi.

Ukishafika nchi ya mlima, utatamani cheo. Cheo kikubwa cha kiroho kwa Wameru kilikuwa cha Mugwe, na masharti yake yatakushangaza. Mugwe hakuwa shujaa wa vita. Kazi yake ilikuwa kubariki: vijana wa rika jipya, mashamba, watu wote. Kwa Waimenti mkono wake wa kushoto ndio uliokuwa mtakatifu. Ndio ulioshika kiragu, alama ya mamlaka yake, na aliuficha ndani ya vazi. Aliyeutazama ilisemekana angekufa. Mwanaanthropolojia Rodney Needham aliandika makala nzima mwaka 1960 kuhusu mkono huo, kwa sababu ulionekana kupingana na nadharia kwamba watu hutukuza mkono wa kulia.

Fikiria ugumu wake kwetu sisi, tunaofundishwa tangu utotoni kwamba mkono wa kushoto haupokei chakula wala hausalimii mtu mzima. Zeus alishika radi yake hadharani, kila mtu aione aogope. Poseidon alitembea na mkuki wake wa ncha tatu. Mugwe aliificha nguvu yake pale ambapo hakuna anayetafuta nguvu. Ukiupata uwezo wowote, iwe kiti cha diwani au funguo za stoo ya chama cha ushirika, jizoeze kwanza kuuweka ndani ya vazi kwa mwaka mmoja. Utashangaa ni wangapi watakuja kutaka baraka, na wangapi wataondoka.

Padre Bernardo Bernardi wa Wakonsolata alimwandikia Mugwe kitabu mwaka 1959, na kichwa chake cha Kiingereza kilimwita nabii anayefifia. Kilipotolewa tena Nairobi mwaka 1989, nabii yule yule aliitwa wa kubariki. Miaka thelathini ilitosha kumtoa kwenye kufifia. Kwa hiyo usikate tamaa ukisikia mtu akisema mila zenu zimekwisha. Huenda ni toleo la kwanza tu.

Panapo cheo pana kiapo. Miungu ya Kigiriki iliapa kwa maji ya Styx, mto wa kuzimu. Mungu aliyevunja kiapo hicho, kwa mujibu wa Hesiodo, alilala mwaka mzima bila pumzi, kisha akafungiwa nje ya vikao na karamu za wenzake miaka tisa. Mwaka wa kumi alirudi mezani. Linganisha na nthenge, kiapo cha beberu kinachosimamiwa na wazee wa Njuri Ncheke, baraza la Wameru, hasa katika kesi za ardhi zilizoshinda ushahidi wa kawaida. Beberu huchinjwa mbele ya pande zote mbili, na kila upande husema neno lake ukijua kwamba adhabu ya uongo haimwishii msemaji. Hufuata watu wa nyumba yake. Hakuna mwaka wa kumi. Ndiyo maana kesi nyingine huisha kabla kisu hakijanolewa: upande mmoja hukumbuka ghafla mpaka ulipokuwa. Ushauri wangu kwa shujaa chipukizi ni kwamba ukifika Nchiru, Tigania, yalipo makao ya Njuri Ncheke, na moyo wako ukaanza kukudunda ukiangalia beberu, sema ukweli hapo hapo. Zeus mwenyewe asingedumu wiki moja mbele ya wazee wale.

Mpaka hapa binti anayesoma ana haki ya kuuliza yeye yuko wapi, maana Njuri ni kikao cha wanaume na bahari imevukwa kwa fimbo ya mwanamume. Nampa majibu mawili. Kwanza amtafute Ciokaraine M'Barungu, Mmeru anayekumbukwa kama mwanamke mwanadiplomasia wa enzi ya ukoloni. Pili avuke Mto Thuci aingie Embu, ambako hadithi ya asili haiwezi kusimuliwa hata sentensi moja bila mwanamke.

Waembu husimulia kwamba Mungu alimuumba Mwenendega, akampa mke mzuri karibu na maporomoko ya Mbui Njeru. Mke huyo wengine humwita Nthara, wengine Ciurunji. Walipata mali, wakapata watoto. Kichaka kitakatifu cha Mwenendega kipo hadi leo karibu na Runyenjes, na miti yake imesimama kwa sababu watu waliogopa kuikata. Profesa H.S.K. Mwaniki alizunguka Embu na Mbeere akiwahoji wazee, akachapisha historia yao mwaka 1973, na bila kazi hiyo tungekuwa na nusu ya tunachojua.

Miongoni mwa watoto hao walikuwamo Kembu na dada yake Werimba. Wakapendana. Hapa weka kalamu chini ufikirie, kwa sababu Olympus haikusaidii. Zeus na Hera ni kaka na dada, tena mume na mke, na wakapewa viti viwili vya juu. Wagiriki waliwaruhusu miungu wao mambo ambayo jirani angefukuziwa kijijini. Embu hakukuwa na ruhusa ya namna hiyo kwa mtoto wa mwanzilishi: Kembu na Werimba walifukuzwa. Wakaenda, wakajenga, wakazaa, na jina la Kembu likawa jina la watu wote.

Mara ya kwanza mtu anaposikia hayo hutaka kuyaficha, kana kwamba ni aibu ya familia mbele ya wageni. Mimi nayaona ni ujasiri. Taifa lililoweza kujitungia babu malaika lilichagua kukumbuka kwamba jina lake lilitoka kwa waliotengwa, na halikuficha sababu ya kutengwa kwao. Sheria ilibaki sheria, na waliofukuzwa wakabaki watu. Ukitaka kuwa mwanzilishi wa ukoo, usiombe njia ya Kembu. Lakini ukikuta mtu aliyefukuzwa kwenu anajenga kibanda ng'ambo ya mto, mwamkie vizuri, huwezi kujua wajukuu wako wataitwa kwa jina la nani.

La joka ni fupi. Juu ya mji wa Meru, ndani ya msitu, liko Ziwa Nkunga, ambalo watu husimulia kuwa ni maskani ya joka la maji. Kumbukumbu za Hercules na Hydra zitakusukuma uchukue panga. Liweke chini. Hydra alikatwa kichwa kimoja vikaota viwili, na kinamasi cha Lerna hakikupata faida. Joka la Nkunga limefanya kazi ya mlinzi wa msitu bila mshahara kwa miaka mingi, na shujaa mwenye busara huliacha kazini.

Limebaki suala la namna ya kumaliza, ambalo mashujaa wa pande zote mbili wamelipata kwa shida. Achilles alikufa kijana kwa mshale wa kisigino. Odysseus alirudi nyumbani baada ya miaka ishirini, nguo zimechakaa, mbwa wake mzee akamtambua kabla ya watu. Meru ilipata wote wawili katika vita vya Mau Mau. Musa Mwariama alikaa msituni mpaka uhuru wa 1963, akatoka akiwa hai, akaishi hadi 1989. Baimungi naye alitoka, akaona ardhi waliyoipigania haijafika mikononi mwa wapiganaji, akarudi msituni. Aliuawa mwaka 1965, safari hii bendera iliyopepea ikiwa ya Kenya.

Mwongozo wangu hauwezi kukuchagulia kati ya njia hizo mbili, na simwamini anayesema anaweza. Ninachokuagiza kinafanyika mwezi huu. Waliokuwa vijana msituni miaka ya hamsini sasa ni wakongwe sana, na wengi wao wana Mbwaa na Mwenendega kichwani pamoja na vita. Panda gari la Embu hadi Meru, shuka Runyenjes, shuka Chuka, shuka Chogoria, shuka Nkubu. Beba sukari na majani ya chai, amkia kwa adabu, keti mpaka uambiwe uzungumze. Washa kinasa sauti cha simu yako baada ya kuomba ruhusa. Mzee akimaliza kukusimulia habari ya kiatu chenye manyoya pande mbili, usimkatize kumwambia kwamba toleo ulilosoma ni tofauti. Mwulize yeye alisimuliwa na nani, akiwa na umri gani, na wakiwa wapi, kisha uandike jina hilo la pili chini ya la kwanza.